Gichuki na Alama ya Kijani

Jumanne tarehe 30 Juni 1998, Bwana Gichuki Ndirangu, msimamizi wa soko la mifugo na njia za mji, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi hapa Garissa. Siku hiyo atakabidhi funguo za ofisi, funguo za nyumba ya serikali, na ile filimbi ambayo ameipuliza masikioni mwetu kila Jumatano tangu wengi wenu hamjazaliwa. Filimbi ataiacha, apende asipende. Nimeshazungumza na wakubwa.

Maneno haya ni yangu mimi Shamis, mpishi wa chai. Nimepewa kazi hii kwa sababu katika ofisi nzima nimebaki peke yangu niliyekuwa hapa kabla yake. Shule sikuujua mlango wake. Mimi nasema, Bridget wa masijala anaandika, na akianza kupamba namwambia afute.

Gichuki hahitaji kupambwa. Ana masikio makubwa, anaimba vibaya, na mpaka leo anakula anjera, mkate wetu mwembamba, kwa kijiko kama mgonjwa. Lakini nimeishi mji huu nikaona mengi ya kushangaza, nimeona mto ukipanda ngazi za watu, nimeona ngamia wakifunika barabara mpaka jua likafifia kwa vumbi, na bado nikihesabu maajabu ya Garissa namweka na yeye humo.

Huku kwetu mtu haulizwi jina kwanza. Anaulizwa: wewe ni wa nani? Jina ni la mtu mmoja, linaweza kupotea naye jangwani. Watu wako hawapotei. Kwa miaka yote hii Gichuki alikuwa na jibu lake, anasema yeye ni wa serikali, na sisi tunacheka, lakini lilikuwa jibu. Sasa serikali inamwachilia Jumanne. Jumatano asubuhi atakuwa wa nani?

Swali hilo limezunguka mji mzima tangu mwezi wa nne, siku alipoulizwa hapa kwenye chai atakwenda wapi. Wanawe wako Nyeri na wamemtengenezea chumba. Mkewe Nkirote, aliyeuza nyanya Soko Mugdi pamoja na wenye maziwa mpaka akajua kututukana kwa Kisomali safi, alishasema atamfuata mumewe popote, ila asiulizwe yeye anapenda wapi. Gichuki akaweka kikombe chini akasema harudi Kenya.

Msomaji mgeni asishtuke. Sisi tukisema Kenya tunamaanisha ng'ambo ya daraja. Ukivuka Tana kwenda Nairobi, umekwenda Kenya, na ukirudi tutakuuliza habari za huko.

Alisema anataka kubaki na kufuga ngamia, hata mmoja. Watu wote wakainamia vikombe vyao. Ngamia hafugwi na mtu mmoja. Huenda malishoni safari ndefu, mpaka pande za Habaswein na kupita, na huko anajulikana kwa alama iliyochomwa kwenye ngozi yake. Alama si ya mtu, ni ya jamaa. Mnyama asiye na alama akipotea hana wa kumtafuta, na akifika kisimani hana wa kumtetea zamu. Gichuki hakuwa na alama. Na mtu mmoja aliyeweza kumpa alikuwa hasemi naye. Huko nitafika, ngojeni kwanza chai ichemke.

Mwaka 1967 Garissa ulikuwa mji wa kutazama mara moja ukaumaliza. Safu ya maduka, msikiti, ofisi ya DC, kambi ya askari, na mto. Magari yalikwenda kwa msafara yakilindwa na bunduki. Ukingoni walilima Wamunyoyaya, watu wa mto waliokuwa hapa kabla yetu sote, na wako wasemao hata jina la mji ni la mkulima wa zamani wa huko mtoni aliyeitwa Karisa. Mimi sikuwako, siapi. Ninachojua ni kwamba ndizi zao zilitulisha.

Gichuki alishuka kutoka kwenye lori akiwa amevaa sweta. Sweta, Garissa, saa sita mchana. Nilimpa maji akanywa, nikampa mengine akajimwagia. Nikasema moyoni, huyu wiki ijayo atakuwa amesharudi kwao.

Kesho yake alitumwa malkani. Malka ni njia pana ya mifugo kushuka mtoni, na ni ya zamani kuliko duka lolote la mji huu. Mito ni ya Mungu, lakini ukingo una vichaka, una mashamba, una mamba, kwa hiyo wanyama hushukia mahali palipojulikana tangu mababu. Mji haukutengeneza malka. Malka ndiyo iliyoutengeneza mji: watu walikuja kunywesha, wakakaa kupumzika, mmoja akauza chai, mwingine kitambaa, na hii ndiyo Garissa.

Basi kijana wa sweta alisimama pale akasikia kwanza kengele za mbao, kok, kok, kok, kutoka mbali. Kisha vumbi. Kisha wakatokea, ngamia nyuma ya ngamia, wamekaa wiki bila maji, na hakuna hata mmoja anayekimbia, kwa maana wachungaji wanawaimbia wimbo wa kunywesha na wao wanausikiliza. Walishuka kundi kwa kundi, kila kundi likangoja lililotangulia limalize. Hakukuwa na askari wala kamba. Mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Nilimwona Gichuki amevua kofia kama yuko kanisani. Aliniuliza nani anayewapanga. Nikamwambia wenye kiu wanajuana wenyewe, nyamaza utazame. Alitazama mpaka jua likamchoma shingo ikatoka ngozi, na hakurudi kwao wiki iliyofuata.

Sasa nieleze kosa lake, maana kila mtu amelisikia na kila mtu analisimulia vibaya.

Wakati huo idara ilitaka wanyama waliokwisha kukaguliwa magonjwa wawekwe ishara, wasikaguliwe mara mbili. Gichuki, mwenye bidii kama mchwa, akachukua rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka milango ya ofisi. Akafikiri ishara nyepesi ya kuchora. Akachagua mduara wenye mguu mmoja chini, kama upawa. Jumatano nzima alipaka. Ngamia, ng'ombe, aliyempita mbele alipakwa, shingoni, upande wa kushoto.

Hakuna aliyemwambia kwamba mduara wenye mguu mmoja, shingoni, upande wa kushoto, ni alama ya jamaa ya Mahat.

Mahat wakati ule alikuwa kijana mwenye ngamia wachache na maneno machache zaidi. Alikwenda kuswali adhuhuri akiwa mtu wa kawaida, akatoka msikitini akiwa tajiri kuliko watu wote kutoka hapa mpaka Mandera. Soko zima lilikuwa lake. Baba mkwe wake, ambaye Mahat alikuwa amemlilia kwamba hana wa kutosha kumaliza mahari, alisimama katikati ya uwanja akiwaangalia ngamia wale wote wenye alama ya mkwewe, akasema alijua siku zote kwamba kijana huyu ni mwongo.

Watu walicheka kidogo. Kisha wenye mifugo walifika, na kicheko kikaisha. Kwetu kumkuta mnyama wako na alama ya mtu mwingine hakuna maana mbili. Ni wizi, na wizi wa ngamia umewahi kuzika watu. Fimbo zilianza kupanda. Wengine walimtafuta Mahat, wengine walimtafuta Mkikuyu mwenye kopo. Gichuki alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda, brashi mkononi, anauliza kila anayepita kwa adabu kabisa kuna tatizo gani.

Mahat alimfikia kwanza. Soko lote lilisogea lione atamfanya nini. Mahat akamnyang'anya brashi, akaitazama, akasema:

"Warya, wewe kijana, umenipa ngamia wa dunia nzima. Sasa shuka unisaidie kuwarudisha."

Wakawapeleka malkani. Maji yalishindwa, rangi ile ilikuwa ya mafuta. Sabuni ikashindwa. Ni Sahara, muuza maziwa, aliyesema mafuta hutolewa kwa mafuta, akaleta samli yake ya wiki nzima, na sisi wanawake wengine tukaleta zetu tukinung'unika. Gichuki na Mahat walisugua shingo za ngamia kwa samli na majivu siku hiyo na iliyofuata. Ngamia mmoja alimtemea Gichuki cheuo usoni, mwingine alimng'ata bega, kovu analo. Kila mnyama aliporudi kuwa safi, Gichuki alimwita mwenye mnyama, akaomba radhi, akamuuliza alama yake halisi ni ipi na ilitoka wapi. Na watu waliokuja na fimbo wakaanza kumsimulia. Huyu ana mstari shavuni kwa ajili ya babu aliyevuka kutoka mto Juba. Huyu amekatwa sikio kwa sababu jamaa mbili zilipatana. Sisi tusiosoma, hicho ndicho kitabu chetu, kinatembea na kula majani. Gichuki alikuwa mtu wa kwanza kutoka Kenya niliyemwona akitaka kusomewa.

Tangu hapo yeye na Mahat walikuwa kama kucha na kidole. Mahat alikuwa na kikombe chake hapa ofisini, cha bati, chenye ua jekundu. Kila Jumatano baada ya soko, chai ya maziwa ya ngamia na tangawizi, sukari mpaka kijiko kisimame. Walikuwa wakibishana kama mvua ya Nyeri ni mvua au ni jasho la mlima.

Rangi ya kijani ilibaki nusu kopo. Gichuki alichukua mawe makubwa, akayapanga pande mbili za malka kutoka barabarani mpaka mtoni, akayapaka. Kazi hiyo hakuna aliyemtuma. Alisema kama alama inaweza kumfanya mtu mwenye ngamia wote, basi na malka iwe na alama yake, ijulikane ni ya wote. Kila mwaka kabla ya mvua aliyapaka upya. Ndipo watoto wakamwita Gichuki wa Mawe, wakubwa wakamwita Gichuki wa Malka.

Mji ulikua mbele ya macho yetu kama unga unaoumuka. Bulla baada ya bulla, ndivyo tunavyoita mitaa yetu. Soko Ng'ombe likawa soko ambalo watu wanatoka Mombasa kuja kuliangalia. Ukisimama pale Jumatano asubuhi unasikia ardhi inanguruma, na kelele za madalali wanaoshikana mikono chini ya kitambaa ili mwingine asijue bei. Soko Mugdi likajaa maziwa, nyirinyiri za nyama kavu, udi na uvumba. Kuna mwaka mmoja hapa katikati, wa bunduki na moto, sitausema, wenye kujua wanajua, na wenye makaburi wanayatembelea. Nitasema tu kwamba siku zile Gichuki alikuwa na ruhusa ya kwenda kwao na hakwenda. Alizunguka bulla moja baada ya nyingine na mkokoteni wa punda wenye mapipa ya maji, na hakumuuliza mtu yeyote ni wa nani.

Baada ya vita vya Somalia tulipata wageni, wakimbizi, na Dadaab ikawa mji juu ya mchanga. Malori ya maji, magari meupe ya mashirika, biashara usiku na mchana. Kila kipande cha ardhi kikawa ploti. Na njia pana, tupu, inayoshuka mtoni katikati ya mji, ikiwa na mawe tu pembeni, ilionekana kwa macho ya watu wengi kama ploti inayolala bure.

Mwaka 1994 Hamse, mpwa wa Mahat, alianza kujenga hoteli ya nyama na chai kwenye mdomo wa malka. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni Gichuki alipofika na filimbi. Hamse hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Alisema ngamia wana miguu, watazunguka. Gichuki akamwandikia abomoe.

Jumatano hiyo Mahat alikuja kama kawaida. Nilimmiminia chai, nikajifanya napanga vikombe. Mahat hakukigusa kikombe.

"Gichuki, mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni ndugu yangu."

"Basi lisogeze jiwe lako."

"Mahat, jiwe si langu. Lingekuwa langu ningekupa na rangi yake."

Mahat aliinuka. Alisimama mlangoni kidogo, mgongo kwetu.

"Huna ndugu wewe," akasema. "Una mawe."

Chai ilipoa mezani. Kwetu kuacha chai ya mtu imejaa ni neno zito, na Gichuki alilijua. Alikaa mbele yake mpaka ofisi ilipofungwa, kisha akakiosha kile kikombe cha bati mwenyewe, akakiweka rafuni, akaniambia nisimpe mtu mwingine. Ukuta ulivunjwa. Hamse alijenga kwingine na sasa ana hoteli mbili. Lakini Mahat hakukanyaga hapa tena. Nilimgombeza Gichuki, nikamwambia angeweza kuachia hatua chache, nani angekufa? Alikwenda kupaka mawe.

Nani angekufa, tulikuja kuona.

Ukame ulioanza sitini na... hapana, Bridget, futa, ule wa 1996. Mvua ilikataa msimu wa kwanza, ikakataa wa pili. Visima vya Wajir vilitoa matope, mabwawa ya Eldas yakawa vumbi. Watu wote wakageuza nyuso kuelekea Tana. Tatizo ni kwamba juu na chini ya mji, malka nyingi zilikuwa zimezibwa na mashamba na seng'enge. Yetu ilikuwa wazi.

Nilikuwepo asubuhi waliyofika ngamia wa Mahat. Walikuwa wameletwa na wanawe kutoka mbali, mbavu zinahesabika, nundu zimelala. Hawakuwa wakiimbiwa. Wachungaji hawakuwa na sauti. Ngamia aliyekaa na kiu kiasi kile akinusa mto hasikii tena fimbo wala jina lake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliwaona ngamia wa kunyweshwa wakikimbia. Waliteremka kutoka barabarani kama mlima uliovunjika. Ardhi ilitikisika, sufuria zangu ziligongana jikoni.

Gichuki alikuwa kwenye mdomo wa malka, pale pale ulipokuwa ukuta. Alipuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka, akawaondoa wenye mikokoteni, akawabeba wauza matikitimaji na matikiti yao, akasafisha njia. Kisha akakaa pembeni kwenye jiwe la kijani na kundi lote likampita. Kama ukuta ungekuwepo wangeuvunja kwa vifua vyao, wa mbele wangeanguka, wa nyuma wangewapanda, na jamaa nzima ingeishia pale, mita chache kutoka kwenye maji. Sisemi mimi. Hamse mwenyewe ndiye aliyesema, amekaa chini, ameshika kichwa.

Mahat alikuja mwisho, kwa miguu, nyuma ya ndama. Alipita mbele ya Gichuki. Akatazama mahali ulipokuwa ukuta. Akatazama jiwe. Hakusalimia. Akaenda mtoni.

Nilikasirika sana. Lakini mimi ni bibi wa wajukuu wengi na nawajua wanaume wa kwetu. Akikosea, njia ya kurudi anaijua, ila ataizunguka kupitia Mandera.

Mwisho wa mwaka 1997 Mungu alitujibu yale maombi ya mvua yote kwa pamoja. Wenye redio waliita El Nino, sisi tuliita bahari. Tana ilivimba ikawa na rangi ya kahawa, ikabeba miti mizima, mbuzi, paa za nyumba, na siku moja kiboko aliyekuwa akiangalia huku na huku kama abiria. Barabara ya Nairobi ilikatika, tukawa kisiwa, unga ulikuja kwa ndege. Watu wa mashamba ya ukingoni walipanda mjini kwa njia moja iliyokuwa haina seng'enge wala ukuta, nayo ni malka, wamebeba watoto na kuku, na maji yanapanda nyuma yao. Gichuki alisimama ndani ya maji mpaka kifuani akiwaelekeza kutoka jiwe hadi jiwe. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nilimpigia kelele kwamba mamba hawajali pensheni.

Maji yaliposhuka, malka yote ilikuwa tope. Mawe ya kijani hayakuonekana. Gichuki alikuwa kitandani na malaria. Asubuhi moja nilishuka nikione kilichobaki, nikamkuta mtu amechuchumaa, kikoi kimekunjwa mpaka magotini, anakwangua tope kwenye jiwe kwa kisu kisha analipangusa kwa kilemba chake. Alikuwa Mahat. Nyuma yake mawe yalikuwa yameshatoka safi, kijani, safu nzima. Nilipita kama sikumwona. Nyumbani nilimwambia Mungu tu. Gichuki alipopona alikuta malka imesafishwa, akadhani ni vibarua wa idara, akawanunulia soda. Wakanywa, washenzi.

Kwa hiyo unielewe, msomaji, watu walipoinamia vikombe vyao mwezi wa nne, mimi pekee sikuinama. Nilikuwa nakitazama kile kikombe cha bati rafuni.

Jumatano iliyopita, soko la mwisho la Gichuki, aliamka mapema kuliko muadhini. Nkirote alikuwa ameshaanza kufunga vyombo kwenye magunia, kwa ajili ya Nyeri, kimya kimya. Gichuki alipuliza filimbi, soko likafunguliwa, vumbi likapanda, kila kitu kama kawaida, isipokuwa yeye alikuwa akitazama kila mnyama kwa muda mrefu kidogo.

Saa nne Mahat akaingia uwanjani. Mzee sasa, ndevu nyekundu kwa hina, anaongoza kwa kamba ngamia jike mchanga, mweupe, wa maziwa kesho kutwa. Shingo yake haikuwa na kitu. Nyuma yake Hamse amebeba jiko la makaa na chuma cha alama. Hawakusimama sokoni. Walipita kati ya watu, wakateremka malkani, na soko lote likawafuata, madalali wameacha bei mikononi.

Mahat alisimama kwenye jiwe la kwanza. Akamwita Gichuki. Hakusema samahani, msiingoje. Alimpa kamba ashike, akachukua chuma kilichokuwa kimeiva, akakiweka shingoni mwa ngamia, upande wa kushoto. Mduara. Kisha mguu mmoja chini. Ngamia alinguruma, harufu ya manyoya ikapanda.

"Mwaka ule uliwapaka ngamia wa watu alama yangu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni. "Leo naiweka mimi mwenyewe. Hii haitoki kwa samli."

Karani wetu mgeni, Kim, aliyefika kutoka Eldoret mwezi wa tatu na hajui lolote, alikuwa amekuja na karatasi zake kwa sababu kila mnyama lazima aandikwe. Akauliza kama anavyouliza kila siku, ngamia huyu ni wa nani?

Gichuki alifungua mdomo. Mahat akamjibia.

"Wa Gichuki. Na Gichuki ni wa kwetu."

Vigelegele vilitoka kwa Nkirote kwanza, vya Kimeru, kisha vyetu vikavifunika. Gichuki alipangusa macho, akasema ni moshi wa makaa. Sawa, ni moshi. Tukapanda ofisini, nikakishusha kikombe chenye ua jekundu, nikakijaza. Mahat alikinywa mpaka chini, akakigeuza nione.

Anabaki. Ngamia atakwenda malishoni na kundi la Mahat, na kila kisima atakachofika watamtazama shingo na kumpa zamu yake. Nkirote amefungua magunia. Chumba cha Nyeri wanawe wafugie kuku, na baba yao atakwenda Kenya kuwasalimu Krismasi, akirudi tumuulize habari za huko.

Gichuki, kwa niaba ya idara, ya soko, ya wapishi wa chai na ya kila mnyama aliyefika mtoni bila kugonga ukuta, asante. Umeulinda mji huu pale ulipozaliwa. Mungu akupe mvua ya kiasi, maziwa mengi, na miguu ya kumfuata ngamia wako. Kopo la rangi liko nyuma ya mlango wa jiko langu, na mvua za mwezi wa kumi haziko mbali.

Filimbi uiache mezani.